Maswali ya Wasomaji: Kuuza Nyumba Bila Dalali

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba nyumba niliyolelea wanangu niliiuza mwenyewe. Sikutarajia barua nyingi namna hii. Wengi mnauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, hivyo nimechukua barua tano. Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria wala si mthamini. Niliuza nyumba yangu, kisha nikamsaidia mdogo wangu kuuza ya kwake, na mambo yote ya mauzo hayo mawili niliyaandika kwenye daftari ambalo liko mbele yangu ninapowajibu.

*Mimi ni mstaafu. Nyumba yangu haina deni. Dalali aliyekuja kuiona anataka asilimia 5 ya bei ya mauzo, na wanangu wanasema fedha hiyo ni yetu, tuuze wenyewe. Nimetangaza, huu ni mwezi wa nne. Wamekuja watu sita, hakuna aliyerudi. Bei niliyoweka ndiyo ninayoona inastahili jasho langu na la marehemu mume wangu. Nakosea wapi? – Mama wa watatu*

Mama yangu, pole kwa kuondokewa na mwenzako. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama kwenye neno moja: jasho. Huko ndiko nilikokwama na mimi.

Nilipotangaza nyumba yangu, bei niliitoa moyoni. Niliingiza humo jiko tulilolijenga kwa akiba ya miaka miwili, na mti nilioupanda wiki aliyozaliwa mwanangu wa kwanza. Wiki tisa zikapita. Watu walikuja, wakasifu, wakaaga. Mwanamke mmoja, alipokuwa anavaa viatu mlangoni, akaniambia kwa upole kabisa: “Dada, nyumba ni nzuri. Lakini hiyo bei ni ya nyumba yako, siyo ya nyumba nitakayokaa mimi.” Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamtafuta mthamini aliyesajiliwa, nikamlipa, akapima, akakagua, akaandika ripoti. Bei yake ilikuwa chini ya yangu kwa asilimia 11. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikabadilisha tangazo, na mwezi haukuisha kabla sijapata mnunuzi wa kweli.

Hili si udhaifu wangu na wako peke yetu. Watafiti waliofuatilia mauzo ya nyumba Boston, Marekani, katika miaka ya 1990, wakati bei zilikuwa zimeporomoka, waliona kwamba wenye nyumba ambao wangeuza chini ya bei waliyonunulia walitaja bei za juu kuliko majirani zao wenye nyumba za aina ileile, na nyumba zao zikakaa sokoni muda mrefu zaidi. Soko halikujua walinunua kwa kiasi gani. Waliojua ni wao, na kile walichokijua ndicho kilichowashika mkono.

Kwa hiyo fanya hivi. Ondoa tangazo kwa wiki mbili au tatu. Ukiliacha, kila anayeliona anajiuliza nyumba hiyo ina nini hata imekaa miezi minne. Katika wiki hizo tafuta bei za nyumba zilizokwisha kuuzwa, zinazofanana na yako kwa ukubwa, hali na eneo, ndani ya mwaka mmoja uliopita. Tatu zinatosha kuanzia, tano ni bora. Usichukue bei za kwenye matangazo, maana tangazo linaonyesha anachotamani muuzaji tu. Kuna nchi ambako bei za mauzo zinasomeka wazi katika daftari la ardhi. Penginepo utauliza mawakili wanaoandika mikataba, au jirani aliyeuza, ambaye mambo yakishaisha huwa hana sababu ya kuficha. Kisha lipa mthamini. Na tafadhali, mama, usimtajie bei yako kabla hajaandika yake. Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti uliofanywa Tucson, Arizona: madalali wenye uzoefu walitembezwa kwenye nyumba na kupewa karatasi za maelezo, ila bei ya tangazo ilibadilishwa kutoka kundi hadi kundi. Waliopewa bei ya juu waliithamini juu, waliopewa ya chini wakaithamini chini, na wengi wao walikana kabisa kwamba bei ile iliwavuta. Kama namba iliyotajwa kwanza inawavuta watu wa kazi hiyo, itamvuta na mthamini wako.

Sasa kuhusu hiyo asilimia 5. Wanao wana hoja, na hoja hiyo ina ushahidi. Katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, wachumi walilinganisha nyumba zilizouzwa na wenyewe na zilizouzwa kupitia madalali, utafiti wao ukachapishwa mwaka 2009. Bei zilikuwa sawa kabla ya kuondoa malipo ya dalali, maana yake waliouza wenyewe walibaki na fedha ile mfukoni. Ila nyumba zao zilichelewa kuuzwa. Hicho ndicho utakacholipa badala ya asilimia: muda. Kama una pa kukaa na huna deni linalokusukuma, unaweza kuulipa.

Kuna utafiti mwingine ambao mimi ulinitia moyo wakati ule. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walipitia mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, wakatenga zile ambazo madalali walikuwa wanauza nyumba zao wenyewe. Walichapisha matokeo mwaka 2008: dalali anapouza nyumba yake huiacha sokoni siku tisa na nusu zaidi kuliko anapouza ya mteja, na hupata bei ya juu kwa asilimia 3.7 hivi. Sitaki usome hapo kwamba madalali ni watu wabaya. Fanya hesabu tu. Bei ikipanda kwa 4 juu ya kila 100, dalali wa asilimia 5 anaongezewa 0.2, na 3.8 zinazobaki ni zako. Kwa 0.2 nani atasubiri wiki mbili nyingine, akijibu simu na kufungua milango? Wewe unayo sababu ya kusubiri ambayo yeye hana. Lakini kusubiri huko kuwe kwenye bei ambayo nyumba zinazofanana na yako zimelipiwa kweli.

Na sehemu ya hiyo 5 uitoe kwa moyo mweupe: mthamini, wakili, na fundi wa siku moja au mbili. Ukiondoa dalali kazi zake hazikuondoki. Zinakuja mezani kwako, na nyingine unazipeleka kwa watu wanaozijua.

*Dari ya chumba cha nyuma huvuja mvua ikiwa kubwa. Kaka yangu anasema tupake rangi, tuuze kiangazi, tunyamaze. Mimi roho inaniuma. Tufanyeje? – Mtoto wa pili, nyumba ya urithi*

Mdogo wangu, sikiliza hiyo roho inayokuuma.

Nyumba ya mdogo wangu ilikuwa na doa la maji kwenye ukuta wa bafu, na tulikaa jioni nzima tukibishana kama nyinyi. Mwishowe tukamwita fundi wa mabomba. Kiungio cha bomba kilikuwa kimelegea ndani ya ukuta. Tukatengeneza, tukaweka risiti, tukapiga picha ukuta ukiwa wazi na baada ya kuzibwa. Kila mtu aliyekuja tulimpeleka bafuni na kumwonyesha zile picha kabla hajauliza. Aliyenunua aliniambia baadaye kwamba bafuni pale ndipo alipoanza kutuamini kuhusu mengine yote.

Sheria za nchi na nchi hazifanani katika kiasi ambacho muuzaji analazimika kusema bila kuulizwa. Lakini kupaka rangi ili kuficha uvujaji unaoujua ni jambo lingine kabisa. Huo ni udanganyifu, na mnunuzi aliyedanganywa kwa jambo zito anaweza kudai fidia au kuomba mkataba uvunjwe hata baada ya kukabidhiwa funguo. Mwambie kaka yako kwamba mvua ya kwanza ndiyo shahidi, na itanyesha.

Mna njia mbili safi. Tengenezeni dari, mkiwa na risiti na jina la fundi. Au kama hamna fedha, chukueni makadirio ya fundi kwa maandishi, mweleze kila mnunuzi, na mpunguze bei kwa kiasi hicho. Tatizo lenye kiasi kilichoandikwa mnunuzi analipigia hesabu. Lisilojulikana ukubwa linamtisha, naye atakata mara mbili au tatu ya gharama halisi.

Umeandika “nyumba ya urithi”, nami hapo nina wasiwasi kuliko kwenye dari. Kabla ya tangazo, je, msimamizi wa mirathi ameteuliwa kisheria? Hati iko kwa jina la nani? Warithi wote wamekubali kwa maandishi, pamoja na yule anayeishi mbali asiyepokea simu? Nimeona mauzo yakifa siku ya kutia saini kwa sababu ya mrithi mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza. Mnunuzi alikuwa ameshatoa notisi alikokuwa amepanga. Nyinyi mnaweza kusubiri mahakama, ila yule mtu na watoto wake walikuwa hawana pa kwenda.

*Tangu nitangaze nyumba, simu zinazoingia nyingi ni za madalali: “Nina mteja yuko tayari.” Niwakubali? – Mwalimu*

Mwalimu, muulize dalali swali moja: nani atakulipa? Akisema mteja wake, mwombe akuandikie hivyo, ujumbe wa simu unatosha kuanzia. Akisema wewe, amua kabla hajaleta mtu yeyote mlangoni, na mkubaliane kwa maandishi kiasi, jina la mteja huyo mmoja, na kwamba atalipwa tu mauzo yakikamilika. Hatari iko kwenye ukimya. Ukimwacha akulete mtu bila neno lolote, kisha mtu huyo akanunua, utadaiwa, na katika nchi nyingi dai lake linaweza kuwa na nguvu kwa sababu kweli yeye ndiye aliyewakutanisha. Na kama uliwahi kusaini na dalali mwingine huko nyuma, isome tena ile karatasi. Mikataba mingi ya udalali ina kifungu kinachompa haki ya malipo kwa miezi kadhaa baada ya mkataba kwisha, iwapo atakayenunua ni mtu aliyemleta yeye.

*Shikamoo mama. Naishi peke yangu, ghorofa ya tatu. Naogopa mambo mawili: kuingiza watu nisiowajua, na kupatana bei. Juzi mtu aliniambia, “Kwa kuwa huna dalali, nipunguzie hiyo asilimia yake.” Nikakosa la kusema, karibu nikubali. – Kijana wa ghorofa ya tatu*

Marahaba, mwanangu. Hofu ya kwanza ni ya haki, usijilaumu kwayo. Usimfungulie mtu yeyote ukiwa peke yako. Mwite rafiki akae sebuleni tu, hata kama hasemi kitu. Kabla ya miadi, chukua jina kamili na namba ya simu, mpigie wewe, na umwombe aje na kitambulisho. Mnunuzi wa kweli hakasiriki, maana naye anataka kujua anaingia kwa nani. Miadi iwe mchana. Vito, dawa, kompyuta, na barua zenye namba za akaunti, vyote viondoe viwe kwa rafiki au kwenye sanduku lenye kufuli. Mgeni atangulie wewe ukifuata nyuma, katika kila chumba.

Hati usiitoe. Kwa mtu anayetazama tu, mwambie ipo, jina lililomo ni lako, haina rehani. Akiwa amefikia kutoa bei, mpe nakala uliyoziba namba, na akaihakiki yeye au wakili wake kwenye ofisi ya usajili wa ardhi mkiwa mmeshakubaliana. Nakala safi ya hati yako mikononi mwa watu kumi usiowajua ni mwanzo wa hati bandia. Na katika picha za tangazo angalia usionyeshe sura za watu wa nyumbani, namba ya gari, au aina ya kufuli ya mlango.

Kwa kuwa nimetaja picha: zipige asubuhi au alasiri, mapazia yakiwa wazi, simu umeilaza, umesimama kwenye kona ya chumba, mkono usawa wa kifua. Ondoa vitu kwanza. Mimi niliondoa nusu ya vitu vya sebuleni, na chumba kilekile kikaonekana cha mtu mwingine. Na weka picha ya kila chumba, hata kile kidogo kisichopendeza, maana anayekuja akakuta chumba ambacho hakukiona kwenye picha anajihisi ameshadanganywa.

Sasa bei. Huyo bwana wa juzi si mtu mbaya, ana mantiki yake: anajua hulipi dalali, naye anataka fedha hiyo iwe yake. Lakini kazi ya dalali ameifanya nani? Wewe. Umepiga picha, umepokea simu, umefungua mlango. Kama unataka la kumjibu, sema hivi kwa sauti ya kawaida: “Bei niliyoweka nimeilinganisha na nyumba zilizouzwa hapa karibuni, na ripoti ya mthamini ninayo. Wewe unaonaje, ni shilingi ngapi?” Kisha nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi. Mdogo wangu alikuwa hawezi. Mtu akikaa kimya sekunde tano, yeye anapunguza bei mwenyewe kabla hajaombwa. Tulifanya mazoezi jikoni kwake, mimi nikijifanya mnunuzi, mpaka akaweza kukaa kimya akihesabu hadi ishirini moyoni. Unaweza kucheka, lakini ile ishirini ilimbakishia fedha nyingi kuliko mshahara wake wa miezi mitatu.

Andika kwenye karatasi, kabla mtu hajaja, kiwango cha chini ambacho hutavuka. Mwonyeshe rafiki yako yule wa sebuleni. Usimwambie mnunuzi, wala jirani, wala mlinzi wa jengo. Usiseme pia kwa nini unauza kama sababu yako ina haraka ndani yake: kazi mpya, ndoa iliyovunjika, deni. Sema unahama, inatosha. Na usikubali bei yoyote hapohapo mlangoni, hata ikikufurahisha. “Asante, nitakujibu kesho saa nne” ni jibu kamili, ilimradi kesho saa nne umjibu kweli.

Kabla hujamkubali, jua fedha yake inatoka wapi. Mwenye fedha taslimu alete barua ya benki. Anayekopa alete barua ya benki inayoonyesha wamemkubalia kiasi gani. Dalali mzuri huuliza hili siku ya kwanza, na sisi tunaouza wenyewe huona haya. Mimi niliona haya, nikapoteza wiki tano nikimsubiri mtu ambaye mkopo wake haukuwahi kuombwa.

*Mnunuzi amekubali bei yangu yote. Anataka kutoa arabuni asilimia 10, apewe funguo aanze ukarabati, na zinazobaki alipe baada ya miezi mitatu. Ni mtu wa heshima na amenitumia picha ya risiti ya benki. Wakili wanasema ni ghali, nimeona tuandikiane wenyewe. Ushauri? – Baba Mkubwa*

Kaka, usimpe funguo.

Naomba unisamehe ukali huo. Hilo limempata mtu wa karibu nami. Alimpa mnunuzi funguo kwa arabuni, kwa nia njema ya pande zote mbili. Mnunuzi akavunja kuta mbili ili apanue sebule, kisha biashara yake ikaanguka. Muuzaji akabaki na nyumba isiyokalika, na mtu ndani yake ambaye alikuwa anasema, kwa haki yake, kwamba fedha zake nyingi ziko kwenye zile kuta. Walikuwa watu wa heshima wote wawili. Kesi ilichukua muda mara nyingi zaidi ya ile miezi mitatu.

Picha ya risiti ni picha. Fedha ni ile ambayo wewe, kwa mkono wako, umeiona kwenye akaunti yako na benki imekuthibitishia kwamba imetulia na hairudishwi. Na ikitokea mnunuzi akatuma zaidi ya mlichokubaliana, akakuomba urudishe kilichozidi, usirudishe hata kidogo kabla ya kuongea na benki. Huo ni utapeli wa zamani: malipo ya kwanza yanakuja kubatilishwa baada ya siku chache, na kile ulichorudisha kimekwenda.

Wakili ni gharama ambayo singeipunguza hata kama ningekuwa nimebakiwa na nauli tu. Mpate wako, naye mnunuzi apate wake. Mmoja hawezi kuwapigania nyote wawili siku mtakapotofautiana. Arabuni ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, isikae kwako wala kwa mnunuzi. Mkataba useme arabuni itakwenda wapi mnunuzi akijitoa, na itakuwaje ukijitoa wewe. Useme tarehe ya mwisho ya kulipa kilichobaki, na nini kitafuata tarehe hiyo ikipita. Kama umeoa, saini ya mkeo iwemo hata kama jina lake halimo kwenye hati, kwa sababu katika nchi nyingi nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Kama kulikuwa na rehani uliyomaliza kulipa, hakikisha imefutwa kwenye daftari la ardhi na si kwenye kumbukumbu za benki peke yake. Hilo peke yake linaweza kula wiki kadhaa, kaanze leo.

Muulize pia wakili kuhusu kodi inayotokana na mauzo, kabla hujasaini. Wauzaji wengi huijua wakati fedha imeshagawanywa kwa watoto.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyogombanisha watu wazima. Tangi la maji linabaki? Mapazia? Jiko? Taa ile ya sebuleni mliyoletewa zawadi? Mimi nilizunguka nyumba na daftari, chumba kwa chumba, nikaandika kinachobaki na kinachoondoka, mnunuzi akasaini kila ukurasa. Mambo matatu tulitofautiana papo hapo, tukayamaliza tukiwa tumesimama. Yangetokea siku ya kuhama yangekuwa ugomvi.

Kuhusu haraka yake ya ukarabati, mpe njia nyingine. Fundi wake aruhusiwe kuja kupima na kukadiria, mara mbili au tatu, wewe ukiwepo, bila kugusa nyundo. Kama fedha zake kweli zinakuja baada ya miezi mitatu, basi tarehe ya kukabidhi iwe siku hiyo. Mtu mwenye nia ataona busara yake. Akikataa kabisa, umejua mapema jambo ambalo vinginevyo ungelijua baada ya kumpa funguo.

Siku yenyewe itakapofika, fedha zote zikiwa zimethibitishwa, zungukeni nyumba pamoja mchana. Soma mita ya umeme na ya maji, uzipige picha na tarehe, nyote wawili msaini namba hizo kwenye karatasi moja. Jaribuni kila ufunguo kwenye kila mlango mbele yake, ukiwemo ule wa stoo ambao daima huwa haupatikani. Mwonyeshe maji yanafungwa wapi. Mpe simu za mafundi wanaoijua nyumba, na zile risiti zote za matengenezo kwenye bahasha. Kisha muombe dakika tano uzunguke peke yako vyumba vikiwa vitupu. Mimi niliziomba, na nilizihitaji zote.